Kununua picha za Galen Rowell ukiwa Mwanza: ipi uanze nayo, ipi uiache

Nikiulizwa picha moja ya Galen Rowell, mpiga picha wa milima wa Marekani, itakayokaa vizuri kwenye sebule ya Mwanza, jibu langu ni ile ya mwaka 1976 ya jiwe lililopasuka na wingu lake, aliyoipiga upande wa mashariki wa milima ya Sierra Nevada, California. Mtu aliyekulia Isamilo au Mabatini hahitaji kuelezwa chochote. Milima ile ni ya graniti kama vilima vyetu, ingawa yao ina umri wa takriban miaka milioni 100 na yetu imepita bilioni 2.5. Kila nikiitazama huwaza kwamba mtu huyu angesimama siku nzima pale kwenye mwamba wa Bismarck akisubiri mwanga.

Rowell alizaliwa mwaka 1940, akaendesha gereji ya magari hadi 1972 alipoiuza ili aishi kwa kamera. Mwaka uliofuata alipanda ukuta wa Half Dome, mlima wa mwamba katika hifadhi ya Yosemite, California, na wenzake wawili bila kupigilia chuma hata kimoja mwambani, na habari yake ikatoka katika jarida la National Geographic la Juni 1974. Mwaka huohuo wa 1973 aliyapiga picha maporomoko ya Horsetail kulekule Yosemite yakiwaka kwa jua la mwisho kama moto unaomwagika. Wanaojazana pale kila Februari kuutazama mwanga ule wanafuata nyayo za picha ile. Alifariki pamoja na mkewe Barbara katika ajali ya ndege ndogo karibu na mji wa Bishop, tarehe 11 Agosti 2002. Ishike tarehe hiyo, maana ukiwa mnunuzi utaihitaji.

Shika na jambo la pili: alifanya kazi kwa filamu ya milimita 35, kamera nyepesi ambayo mtu anaweza kukimbia nayo. Upinde wa mvua juu ya kasri la Potala, mjini Lhasa kule Tibet, mwaka 1981, aliupata kwa kukimbia, kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 3,600, mpaka upinde ukakaa sawasawa na kasri. Ndiyo maana nampenda. Lakini kipande cha filamu hiyo kina milimita 24 kwa 36 tu. Picha ya sentimita 40 kwa 60 imeshakuzwa karibu mara 17. Ukienda mita moja kwa mita moja na nusu umefika karibu mara 42, na ukisogea karibu unaona chembe za filamu badala ya jiwe. Uwiano wake ni mbili kwa tatu, kwa hiyo ukiuziwa ya mraba, ujue imekatwa.

Sasa mpangilio wangu. Nimeupanga kwa mtu anayeishi kando ya ziwa hili, mwenye kipato cha kawaida, anayetaka picha idumu ukutani. Mkusanyaji wa London mwenye chumba chenye kiyoyozi angeupanga vingine.

Namba moja ni chapa ya leza kwenye karatasi ya Fuji Crystal Archive, isiyo na sahihi ya Rowell, ukubwa wa 40 kwa 60. Miaka yake ya mwisho Rowell aliingia kwa moyo wote katika njia hii: slaidi, yaani kile kipande cha filamu, inasomwa kwa skana, rangi zinarekebishwa kwenye kompyuta, kisha leza inaandika picha juu ya karatasi. Maeneo ya kivuli, ambayo zamani yalizama kwenye weusi, yakafunguka. Zile zilizochapwa baada ya kifo chake kwa idhini ya waliorithi kazi zake zina bei ya chini kuliko zenye sahihi, ilhali kwa jicho huoni tofauti. Pesa unayookoa hapo ipeleke kwenye fremu. Nitaeleza kwa nini.

Namba mbili ni kitabu cha picha zake, kilichotumika, chenye hali nzuri. Najua umekuja kutafuta picha ya ukutani. Hata hivyo kitabu kinakufundisha macho kabla hujatoa pesa kubwa, na ukikaa nacho miezi mitatu utagundua kwamba picha uliyoipenda siku ya kwanza siyo unayoirudia usiku. Usikate kurasa zake uzitie kwenye fremu. Karatasi ya kitabu ni nyembamba, ina maandishi nyuma, na ukikata umeua kitabu bila kupata picha.

Namba tatu ni chapa ya Cibachrome yenye sahihi yake. Ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote nilizozitaja, nami nimeiweka ya tatu kwa sababu ya hatari zake. Cibachrome, ambayo baadaye iliitwa Ilfochrome, ilichapwa moja kwa moja kutoka kwenye slaidi, haitengenezwi tena, na rangi zake hudumu sana zikihifadhiwa gizani. Ila uso wake unang'aa kama kioo na unakwaruzika kwa kuguswa tu. Alama ya kidole ikikauka pale haitoki. Kabla hujalipa, mwombe muuzaji picha ya uso wake ikiwa imeinamishwa chini ya taa, maana mikwaruzo haionekani ukiitazama kwa mbele. Omba pia picha ya nyuma, ya pembe zote nne, na ya sahihi kwa karibu. Muulize ilikaa wapi miaka yote hii. Mtu aliyeitunza kweli ana la kusimulia, na risiti ya galari haiko mbali naye. Tena kumbuka ile tarehe: karatasi iliyochapwa baada ya Agosti 2002 haiwezi kuwa na mwandiko wa Rowell, hata muuzaji aape vipi.

Mabango nayaweka ya nne. Ni rahisi na yanafaa chumba cha mwanafunzi, lakini wino wake hufifia haraka, wa kwanza kupotea kwa kawaida ni ule mwekundu, kisha milima yote inabaki na rangi ya samawati.

Kuna njia nyingine ambayo siipi namba. Ni kupakua picha kwenye intaneti na kuipeleka kwa wachapaji wa mabango ya turubai mjini. Faili ni dogo, rangi zinatoka zilivyotaka mashine, na hakimiliki ya kazi zake ingali hai. Ukiwa na pesa ya turubai hilo tu, nenda kwa kijana anayepiga picha hapahapa Mwanza, nunua mitumbwi yake ya asubuhi pale Kirumba, mlipe. Mimi ninayo moja, imekaa kando ya Rowell na haioni haya.

Nimesema fremu. Picha yangu ya kwanza nilipeleka kwa fundi, akaweka karatasi, akabandika kioo juu yake, akapigilia hadibodi nyuma. Akaniambia, "Dada, hii haitoki hapo milele." Alisema kweli. Baada ya masika picha ilikuwa imeganda kwenye kioo, na nilipojaribu kuitoa, tabaka la rangi likabaki kwenye kioo na karatasi nyeupe ikabaki mkononi. Nililia. Uso wa picha za aina hii una jelatini, na jelatini ikipata unyevu hulainika na kunata.

Kwa hiyo sisitiza nafasi kati ya picha na kioo. Fundi akate kadibodi isiyo na asidi, yenye dirisha katikati, ikae juu ya picha, unene wa milimita mbili au zaidi. Mafundi wengi hapa hawana kadibodi hiyo, basi iagize pamoja na picha. Hadibodi isiguse picha kabisa, kwa kuwa ina asidi inayohamia kwenye karatasi na kuipa umanjano, hivyo weka karatasi isiyo na asidi katikati yao. Picha ishikiliwe kwa vipembe vya karatasi kwenye kona, bila gundi na bila seloteepu. Ukiweza, badala ya kioo tumia akriliki inayozuia miale ya urujuanimno. Ni nyepesi na haipasuki njiani, lakini inakwaruzika, ifute kwa kitambaa laini chenye maji tu. Nyuma funga kingo zote kwa utepe. Wale wadudu wa ziwani wanaopanda kama moshi hufuata taa hadi ndani, na wakipata upenyo watafia kwenye anga la Lhasa.

Ukuta nao unachagua. Nyumba nyingi za vilimani zimeegemea mwamba, na ukuta wa upande huo hulia maji msimu wa mvua, usitundike chochote hapo. Ukuta unaopigwa na jua la jioni kutoka ziwani haufai pia, kwani mwanga unakuja mara mbili, kutoka angani na kutoka majini. Mbali na jiko, hasa kama mnakaanga dagaa kila siku. Gundisha vipande viwili vya mpira kwenye kona za chini za fremu ili hewa ipite nyuma. Nunua kipimo kidogo cha unyevu ukiweke kwenye rafu ya karibu. Kikikaa juu ya asilimia 65 kwa siku kadhaa, ukungu unaanza, basi teremsha picha, iweke chumba kikavu, irudi mvua zikipungua.

Kuhusu kuagiza, ongeza VAT ya asilimia 18 na ushuru wa forodha kwenye hesabu yako kabla hujabofya kulipa, na muulize wakala wako ataiingiza kwenye fungu gani la ushuru. Picha isiyo na fremu husafiri vyema ikiwa imeviringishwa kwenye bomba pana la kadibodi, isipokuwa Cibachrome, hiyo isafiri bapa kati ya mbao mbili nyembamba. Ikifika Dar es Salaam usiiachie basi kama una ndugu anayepanda ndege. Ni kilomita zaidi ya 1,100, na buti la basi mchana wa Dodoma ni tanuri. Ikishafika nyumbani iache ndani ya bomba lake usiku mzima izoee hewa ya ziwa, halafu ifungue asubuhi juu ya shuka safi, umevaa glavu za pamba, feni imezimwa na watoto wamekwenda shule.