Seva za ofisi nimezipeleka FreeBSD na OpenBSD, laptop imebaki Linux

Wadau, hapa Arusha nikisema seva yetu ni FreeBSD naulizwa hiyo ni Linux gani tena. Sio Linux kabisa, ni mfumo endeshi wa ukoo mwingine unaoitwa BSD, tawi la Unix (mfumo endeshi wa zamani) lililotokea Chuo Kikuu cha California kule Berkeley miaka ya 70, FreeBSD na NetBSD zikaanza 1993 afu OpenBSD ikajitenga na NetBSD mwaka 1995.

Mimi naangalia kompyuta za ofisi ya utalii Njiro. Msimu ukichanganya kila gari likirudi kutoka porini kuna picha na video za kumwaga, na umeme unaweza kukata katikati ya kukopi. Hapo ndo nilipoipenda ZFS, mfumo wa kupanga na kuhifadhi mafaili kwenye diski, yani haiandiki juu ya data ya zamani, inaandika pembeni kwanza ikimaliza ndo inahamia kwenye mpya, kwa hiyo umeme ukirudi seva inawaka na mafaili ya zamani yako salama, faili lililokuwa linakopiwa tu ndo unarudia. Pia kila kipande kina alama yake ya kukagua, diski ikianza kuoza inakwambia mapema, na kama umeweka diski mbili zinazofanana inajirekebisha yenyewe kutoka kwenye ile nzima. Linux nayo ina ZFS ila kwa sababu ya mambo ya leseni haimo ndani ya kerneli (kiini cha mfumo) yenyewe, inaongezwa pembeni, kerneli ikipandishwa toleo unaomba Mungu zielewane. FreeBSD unaichagua tu wakati wa kuinstoo, basi.

Kitu kingine ambacho kwangu ni kikubwa hata kuliko ZFS: kerneli na vifaa vyote vya msingi vinatengenezwa na timu moja, vinatoka pamoja. Programu unazoongeza zinakaa /usr/local, za mfumo zinabaki kwao, mipangilio mingi iko kwenye faili moja la rc.conf, ukirudi baada ya miezi unakuta kila kitu pale ulipokiacha. Na manyuali! Zimo ndani ya mashine, zinaendana na toleo ulilonalo, bando likiisha unaendelea na kazi. Nikitaka kuapdeti napiga amri ya bectl kwanza, inabaki nakala ya mfumo mzima, apdeti ikileta shida nachagua ya zamani kwenye menyu ya kuwasha na ofisi hata haijui.

Kati ya rauta na ofisi nimeweka kiboksi kidogo chenye OpenBSD, hiyo kazi yake ni fayawoli tu, yani kuchuja mawasiliano ya mtandao. Inatumia pf, programu ya fayawoli ya OpenBSD yenyewe, ipo tangu 2001, sheria zake unazisoma kama sentensi za kawaida ukalinganisha na iptables ya Linux utaelewa nasema nini. Na watu wa OpenBSD ndo waliotupa OpenSSH (programu ya kuingia kwa usalama kwenye kompyuta ya mbali) mwaka 1999, kwa hiyo hata wewe wa Linux ukiingia kwenye seva yako kwa ssh unakula jasho lao.

Sa hivi laptop yangu bado Linux na sina mpango wa kuibadilisha. Waifai kwenye FreeBSD imekuwa nyuma miaka mingi, OpenBSD Bluetooth haina kabisa, na kazi za Docker (kuendesha programu kila moja kwenye boksi lake) zinataka kerneli ya Linux (FreeBSD ina jela zake, jails, za kutenga programu tangu 2000, nazipenda sana, ila sio kitu kilekile). Bosi naye aliuliza swali la maana, ukisafiri nani ataishika hii, maana mafundi wa Linux mjini wapo ila wa BSD wa kutafuta, nikamwandikia kijana tunayefanya naye kazi karatasi moja tu na anaimudu vizuri.

Ukitaka kujaribu weka imeji ya FreeBSD kwenye flashi, washa mashine kwa hiyo flashi bila kuinstoo, angalia kama kadi ya mtandao na diski zote zinaonekana. Zikionekana endelea, kadi ya waya ya Intel huwa haisumbui.