Ndevu Chini ya Buibui: Kuwasoma Upya Vijana wa Tumbo Lisiloshiba

Diwani ya Tumbo Lisiloshiba na Hadithi Nyingine, iliyohaririwa na Alifa Chokocho na Dumu Kayanda na kuchapishwa na Longhorn, ilitahiniwa katika KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari nchini Kenya, kuanzia 2018 hadi 2022, na kwa sababu hiyo Wakenya wengi waliomaliza kidato cha nne miaka hiyo wanaikumbuka kwa dondoo kuliko kwa hadithi zenyewe. Mimi ni mmoja wao. Nilikariri sifa za wahusika na umuhimu wao, nikaufanya mtihani, kisha nikakiweka kitabu kando. Nimekirudia hivi karibuni bila mwongozo pembeni, nikaona kwamba ukishaipita hadithi ya kwanza, ile ya wanyonge wa Madongoporomoka wanaopigania ardhi yao, unakutana na hadithi kadhaa zinazoshughulikia jambo jingine: namna kijana anavyokua katika nyumba ambayo imekwisha kuamua yeye ni nani.

Iliyo bora kati ya hizo, kwa maoni yangu, ni "Shogake Dada ana Ndevu" ya Chokocho mwenyewe. (Neno shoga hapa ni lile la pwani, yaani rafiki wa kike wa mwanamke; darasani kwetu lilizua vicheko vilivyomgharimu mwalimu nusu ya kipindi.) Safia ni binti wa Bwana Masudi na Bi Hamida, hodari wa masomo, mtiifu, asiyekosolewa kwa lolote, na wazazi wake hawachoki kumsifu huku wakiwasengenya mabinti wa wengine. Huja nyumbani shoga yake, Kimwana, amejisitiri kwa buibui, nao hujifungia chumbani kudurusu. Anayegundua kwamba shoga huyo ana ndevu ni mdogo wake Safia, Lulua, na anapolisema jambo hilo hakuna mtu mzima anayelitia maanani.

Ustadi wa Chokocho umo katika uteuzi wa vazi. Angeweza kumtorosha Safia dirishani usiku, au kumpa barua za siri, kama ilivyozoeleka katika hadithi za mapenzi ya vijana. Badala yake amelichukua vazi lenyewe la heshima, lile ambalo wazazi wangelitaja kwanza kama ushahidi wa malezi mema, akalifanya mlango wa kupitia. Safia hapingani na mtu, hapazi sauti, wala havunji kanuni yoyote ya nyumba inayoonekana kwa macho. Amezielewa kanuni hizo vizuri kuliko waliozitunga, akajua kwamba zinalinda sura tu. Naye Lulua, kwa kuwa bado hajafunzwa nini cha kuona na nini cha kufumbia macho, anasema alichokiona. Si bure kwamba jina la hadithi ni kauli yake.

Hata hivyo, mwisho wake haukuniridhisha. Safia anashika mimba na anakufa katika jaribio la kuitoa. Najua kwamba mambo hayo hutokea, na kwamba mwandishi analenga kuwashtaki wazazi waliolinda sifa wakamsahau mtoto. Lakini msichana anayekaidi na kuishia kaburini ni mtindo mkongwe katika fasihi yetu ya shule, na mwanafunzi anayeusoma kwa haraka hubaki na onyo lilelile ambalo Bi Hamida angelitoa sebuleni. Mwandishi anawakemea wazazi, ila adhabu anampa binti.

Ndiyo maana nashauri hadithi hiyo isisomwe peke yake, bali pamoja na "Mame Bakari" ya Mohammed Khelef Ghassany. Sara ni mwanafunzi anayebakwa akirejea kutoka masomo ya ziada usiku, akashika mimba, na sehemu kubwa ya hadithi inapita ndani ya kichwa chake, akiwaza jinsi babake atakavyomfukuza, shule itakavyomtimua na majirani watakavyomnyooshea vidole. Ghassany anairefusha hofu hiyo hadi msomaji naye aone njia zote zimezibwa, halafu anaizima kwa namna isiyotarajiwa: wazazi wanaelewa. Mimba ni mbili na nyumba ni mbili, lakini katika nyumba ya pili kuna watu waliothubutu kusema, kuanzia kwa rafiki yake, Sarina, hadi kwa daktari anayewasaidia.

Wavulana wamepewa mizigo ya aina nyingine. Samueli wa "Mtihani wa Maisha" ya Eunice Kimaliro anaanguka mtihani, na aibu ya kulipeleka tokeo hilo nyumbani inamfikisha majini. Anaokolewa, na hadithi inajua kuihurumia aibu hiyo bila kuikuza. Dennis Machora wa "Mapenzi ya Kifaurongo" ya Kenna Wasike, mtoto wa maskini anayependwa na Penina, binti wa matajiri, hadi atakapokosa kazi, ameandikwa kwa haraka mno. Penina anabadilika ghafla kana kwamba kurasa zilikuwa zimekwisha. Nilisikitika, kwa kuwa upweke wa Dennis chuoni, kati ya wenzake wenye fedha za kuchezea, ndio uliostahili kuandikwa kwa utulivu zaidi.

Lugha ya diwani ni ya kupendeza kwa jumla, hasa kwa waandishi wenye asili ya Zanzibar na pwani, ingawa baadhi ya hadithi zinatumia tamathali kwa wingi unaomfanya msomaji ahisi zilitiwa ili zitahiniwe. Anayetaka kununua nakala asiogope muhuri wa shule, na akiweza aache mwongozo dukani. Aanze na Safia, na usiku huohuo, kabla ya kufunga kitabu, amsome Sara.