Mbegu ipi ya mtama ununue Dodoma msimu huu: nimezipanga kuanzia ya kwanza mpaka ya mwisho

Mbukwenyi ndugu zangu. Kila ikifika mwezi wa kumi simu yangu haipumziki, watu wananiuliza ninunue mbegu gani ya mtama, na mimi kabla sijajibu namuuliza mtu shamba lako liko wapi, udongo wake ukoje, na mvua huko kwenu inakataga lini, kwa sababu mtu wa Bahi kwenye mbuga na mtu wa Mpwapwa kule juu hawawezi kununua pakiti moja wakategemea kuvuna sawa. Wengi wanakuja na swali moja tu, ipi inazaa sana. Hilo ndo swali linalotuponza.

Tuanze na kilichoandikwa kwenye pakiti. Ukikuta wameandika tani 4 kwa hekta, ukipiga hesabu hiyo ni kama gunia 16 za kilo mia kwa heka (ekari) moja, na mtu anabeba pakiti anaenda nyumbani ameshazigawa zile gunia kichwani, hizi za ada, hizi za bati. Sasa zile tani 4 hazijadanganywa, zimepatikana kweli, ila zimepatikana kwenye kipande kilichopandwa siku ileile mvua ilipoingia, kimepaliziwa kwa wakati, kina mbolea, na kuna mtu amekaa pale kutwa nzima anafukuza ndege. Shamba letu la kawaida linatoa karibu tani moja kwa hekta, yaani gunia 4 kwa heka. Kwa hiyo ile namba ya pakiti isome kama uwezo wa mbegu, usiihesabu kwenye mavuno yako.

Kinachosaidia zaidi ni siku za kukomaa. Dodoma tunapata mvua kama milimita 550 hivi kwa mwaka, inaanza mwishoni mwa Novemba au Desemba mpaka Aprili, na katikati hapo kuna kile kiangazi kidogo cha Januari au Februari ambacho kila mkulima wa huku anakijua, jua linawaka wiki mbili tatu mahindi yote yanajikunja. Mbegu ya siku 130 ukiipanda umechelewa, mvua inakata haijajaza punje, unabaki na mabua marefu mazuri ya kupigia picha. Ndo maana mimi naanza na siku, halafu magonjwa na kiduha, lile gugu linalonyonya mizizi ya mtama, halafu soko, mavuno nayaweka mwisho kabisa.

Mimi nimezijaribu mwenyewe misimu mitatu kwenye shamba la familia huku Chamwino. Msimu wa kwanza nilikosea, kila mbegu nikaipa kipande chake kimoja, na Macia ikaangukia pale lilipokuwa zizi la ng'ombe zamani, ikatoka imenenepa ukilinganisha na zingine nikaanza kuisifia kila mahali, mpaka bwana shamba mmoja akaniambia mzee hapo umepima samadi, mbegu hujaipima. Ni kweli kabisa. Msimu uliofuata kila mbegu nikaipa mistari kumi, na nikairudia sehemu tatu tofauti za shamba, juu kwenye mchanga, katikati, na chini kunakotuama maji, zote zikapandwa siku moja, zikapaliliwa siku moja, na wakati wa kuvuna mistari ya pembeni sikuihesabu maana ile inapata jua na nafasi zaidi inadanganya. Kazi ni ndogo na kamba na vijiti vinatosha, na ndo hivyohivyo wanavyofanya pale TARI Hombolo, kituo cha utafiti wa kilimo, tofauti yao ni vipimo na vipande vingi.

Hapohapo kwenye kujaribu kwanza niseme kitu kuhusu Kongwa, hapahapa mkoani kwetu, maana watoto wetu hawaambiwi. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta wakaanza mradi wa karanga mkubwa ajabu, walishaupanga kwa haraka bila kujaribu vya kutosha kama karanga zitakubali udongo ule na mvua ile, udongo ukaja kukauka ukawa mgumu kama matofali, mvua ikawaangusha, na 1951 wakaacha, wameteketeza mamilioni ya pauni. Hela ya serikali nzima ilishindwa na udongo wa Kongwa. Sasa wewe na heka zako tatu usiende kichwakichwa na mbegu uliyoisikia kwa mtu.

Haya, mpangilio wangu.

Namba moja ni MACIA. Iliruhusiwa hapa Tanzania mwaka 1999, kabla ya hapo ilishatoka Msumbiji, na nchi kame kama Botswana na Namibia nao wanayo. Ni fupi, punje nyeupe, inakomaa siku kama 105 mpaka 115, na ina tabia moja naipenda sana, hata punje zikishakomaa majani bado ya kijani, kwa hiyo mwenye ng'ombe anapata nafaka na malisho kutoka shamba lilelile. Kwa sisi wa huku hilo sio jambo dogo, mwezi wa nane mabua ni hela. Ugali wake mweupe hata mtoto aliyezoea sembe anakula, na soko lipo kwa sababu wanaonunua kwa wingi, hasa viwanda vya bia, wanataka mtama mweupe. Ubaya wake ni ndege. Kweleakwelea mmoja anakula kama gramu 10 kwa siku, unaweza kuona ni kidogo mpaka waje kundi la laki kadhaa, na mtama mweupe mfupi kwao ni meza iliyoandaliwa. Kama umepanda peke yako kitongoji kizima wengine wamelima alizeti basi ndege wote ni wa kwako. Ongea na majirani mpande mweupe wengi na mpande pamoja, mzigo wa ndege mgawane.

Namba mbili WAHI, na ndugu yake HAKIKA. Hizi zilitoka 2002 na kwa mwenye shamba lenye kiduha mimi naziweka namba moja, Macia isubiri. Kiduha ni kile kijimmea chenye maua mekundu au ya zambarau kinachokuja kwenye mtama uliochoka, wazee wengine wanasema shamba limerogwa. Halijarogwa. Mizizi ya mtama inatoa kemikali fulani ardhini, mbegu ya kiduha ikiinusa tu inaamka inajishika kwenye mzizi inanyonya, na unapokuja kukiona juu ya ardhi uharibifu umeshafanyika chini. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi na zinakaa kwenye udongo miaka mingi sana zikisubiri. Wahi na Hakika asili yake ni kazi ya Profesa Gebisa Ejeta, Muethiopia aliyekuwa chuo cha Purdue Marekani, yule aliyepewa Tuzo ya Chakula ya Dunia 2009, yeye na wenzake walitafuta mtama ambao mizizi yake inatoa ile kemikali kidogo sana kiasi kwamba kiduha kinabaki kimelala. Na kama jina lilivyo Wahi inawahi kweli, ukichelewa kupanda ndo ya kukimbilia. Kazi iko kwenye kuipata, maduka mengi ya mjini hawana, ulizia Hombolo mapema. Na bado kiduha kikitokea king'oe kabla hakijatoa maua, usiiachie mbegu kazi yote.

Namba tatu naziweka pamoja TEGEMEO na PATO. Mbegu nzuri, nyeupe, Pato ilitoka 1995, ila ni ndefu kuliko Macia na zinataka muda zaidi kidogo, kwa hiyo mtu wa Mpwapwa au Kondoa mwenye mvua afadhali anazifaidi kuliko mimi. Sina zaidi ya hapo.

Namba nne chotara (hybrid) za makampuni. Najua hapa wengine mtabisha. Chotara ikipata mvua, mbolea na palizi mbili inazaa kweli, nimeona vipando pale Nanenane Nzuguni unatamani kulala palepale. Ila bei yake kwa kilo ni mara kadhaa ya mbegu ya kawaida, na huwezi kutunza mbegu, kila msimu unarudi dukani kwa sababu ukipanda punje za chotara watoto wake wanatoka mchanganyiko, huyu mrefu huyu mfupi. Macia au Wahi ukinunua mara moja unaweza kuchagua masuke bora ukapanda misimu miwili mitatu, mtama unajichavusha wenyewe kwa sehemu kubwa, mradi uchague katikati ya shamba mbali na mtama wa jirani. Kwa mwenye heka moja na hela ya mkopo chotara simshauri. Mwenye kisima na mbolea ajaribu kipande.

Ya mwisho kabisa, na hii naomba mnisikilize, ni nafaka ya sokoni inayoitwa mbegu. Kuna mwaka nilinunua kwenye duka moja mjini pakiti imefungwa vizuri kabisa, nikapanda heka mbili mvua ya kwanza, ikaota kama robo. Kurudia kupanda nikawa nimepoteza wiki tatu za mvua na kwa huku wiki tatu ndo msimu wenyewe, mama yangu alilia. Tangu hapo kwanza naangalia lebo ya TOSCI, taasisi ya serikali inayothibitisha mbegu, ile ya kukwangua unahakiki kwa simu palepale dukani, muuzaji akinuna ondoka. Pili kabla ya kupanda nahesabu punje 100 nazifunga kwenye kitambaa kibichi siku tano, zikiota chini ya 80 nairudisha. Kuna pia mbegu za daraja la kuazimiwa, zile wanazozalisha wakulima wenyewe vijijini TOSCI wakizikagua, hizo ni halali na bei yake nafuu, na uzuri wake shamba zilikotoka unaweza kwenda ukaliona kwa macho.

Za kienyeji kama lugugu na langalanga sijazipanga kwa sababu hazinunuliwi, unapewa na shangazi. Usiziache zipotee. Nyingi zinachelewa kukomaa, lakini mtama mwekundu wenye uchungu ndege hawaukimbilii na kwa kimea cha pombe ndo wenyewe, mimi naacha mistari kadhaa kila mwaka. Na kama shamba lako ni mchanga mtupu mvua inakuruka, acha mtama kabisa nunua uwele, Okoa au Shibe, zipo tangu 1994 na zinavumilia kuliko mtama wowote niliousema hapo juu.

Kuna ndugu zangu wa Iramba wanaolima pamba wameniuliza mbona wao siwaandikii. Pamba mbegu inaletwa kwa utaratibu wa bodi ya pamba, hamchagui dukani kama sisi, ila ile kazi ya mistari kumi na marudio matatu mnaweza kuifanya kulinganisha tarehe za kupanda na nafasi.

Kiasi, kilo 3 mpaka 4 zinatosha heka moja kwa mistari ya sentimita 75, wanaomwaga kwa kutawanya wanamaliza kilo nane bure. Nendeni mwezi huu wa kumi. Ikifika Desemba mvua imeshanyesha Macia inakuwa imeisha kila duka pale Majengo mjini na kinachobaki ni zile pakiti zisizo na lebo.