Dorothy Ashby, Afro-Harping: kinubi ndani ya muziki wa soul

Santuri hii ya mwaka 1968 niliinunua kwa ajili ya wimbo wa kwanza, "Soul Vibrations". Unafunguliwa na theremini, ala inayopigwa bila kuguswa, mlio wake ukiyumba huku na huku. Kisha besi na ngoma zinashika kasi, na juu yake kinachoongoza ni kinubi. Kinubi! Ashby, mzaliwa wa Detroit, hamwagi sauti za madaha ya harusini. Anadonoa nyuzi kwa mkato, kama gitaa la rithimu, na hapo ndipo utamu wote ulipo. Wimbo mwingine wa humo, "The Look of Love", ni laini mno kwangu. Isikilizeni santuri hii kwenye spika zenye besi; kwenye simu nusu ya muziki inapotea.