Mashuka ya pamba hai: kabla hujalipa, uliza yatarudi kiasi gani

Mwezi wa tatu nilinunua jozi ya mashuka Arusha mjini kwa shilingi 140,000. Dada wa dukani aliniapia kuwa ni pamba hai, haina kemikali, hata kichanga analalia. Nikayaleta Moshi, nikayafua mara moja, yakakauka, nikaenda kutandika. Nikichomeka upande wa ukutani, upande wa mlangoni unachomoka.

Ulaini na rangi mnavijua wenyewe. Mimi nataka tuongee juu ya kurudi, yaani shuka kupungua ukubwa likifuliwa.

Pamba hai, yaani oganiki, ni habari ya shambani: mbegu isiyobadilishwa vinasaba, hakuna dawa za wadudu za viwandani, hakuna mbolea ya chumvichumvi. Mkulima wa Meatu kule Simiyu anayelima hivyo analinda mapafu yake na udongo wake, na kwa hilo namheshimu sana. Lakini pamba ikishachambuliwa, uzi ni uzi. Kiwandani huvutwa ukakaza, na ukikutana na maji nyumbani kwako unalegea na kujirudia. Pamba hai inarudi, ya kawaida inarudi. Kinachosaidia ni mashine ya kukandamiza kitambaa mapema, ili kirudi kabla hakijauzwa, aliyoibuni Mmarekani Sanford Cluett karibu na mwaka 1930. Kiwanda ama kinakikandamiza kitambaa chake ama hakifanyi hivyo, na neno "oganiki" kwenye pakiti halikuambii lolote.

Chukua futi tupime. Kitanda cha 6 kwa 6 ni sentimita 183. Godoro la inchi 10 linaongeza 25 kila upande, jumla 233. Shuka la 250 linakubakizia 17 za kuchomeka, yaani 8 na nusu huku na 8 na nusu kule. Hapo tayari ni kidogo. Likirudi asilimia 5 tu, zinabaki kama sentimita 2 kila upande. Mbili! Mtoto akigeuka mara moja, shuka liko katikati ya kitanda. Kwa godoro la inchi 10 usikubali chini ya 270.

Ya kwanza kwangu, na sifichi, ni mashuka ya pamba ya kawaida ya Sunflag, kiwanda chetu cha Arusha. Ninayo mawili ya miaka mingi. Yalirudi kidogo yalipofuliwa mara ya kwanza, basi, na hadi leo yanachomeka vizuri.

Ya pili ni pamba hai yenye nembo ya GOTS, kiwango cha kimataifa cha vitambaa vya nyuzi hai, kama mfuko unaruhusu. Hiyo haiishii shambani, inafuatilia mpaka rangi na dawa za kiwandani. Daraja lake la juu linataka nyuzi hai zisizopungua asilimia 95, la chini asilimia 70. Tafuta nembo pamoja na jina la aliyethibitisha na namba ya leseni. Pakiti yangu ilikuwa na picha ya jani la kijani tu.

Ya tatu, mitumba ya soko la Memorial hapa Moshi: yameshafuliwa mno, yamemaliza kurudi. Nenda na futi ya fundi cherehani. Ya polista hayarudi, ila joto la Februari hapa Moshi utaamka umelowa.

Kinachoniuma ni bei. Pamba yetu nyingi inauzwa nje ikiwa nyuzi, wengine wanaisokota na kuifuma, halafu sisi tunauziwa mashuka kwa bei ya kitanda. Na niliporudi dukani na shuka langu mkononi, niliambiwa nimelifulia maji ya moto. Nililifulia maji ya bomba la Moshi, yanayotoka mlimani, na ubaridi wake kila mtu hapa anaujua. Wakanionyesha karatasi ukutani: mali ikishauzwa haibadilishwi.

Siku hizi nauliza swali moja kabla sijafungua pochi: vipimo vya kwenye pakiti ni vya kabla ya kufua au vya baada? Nimepita maduka sita, Arusha na Moshi. Wanne walicheka, wawili walisema shuka la pamba hai halirudi.