Nimeenda kuangalia ndege wa porini Mwanza na watu wa tua za kitalii, huu hapa uzoefu wangu

Kila nikiweka picha za ndege status watu wananiuliza nililipa shingapi na je inafaa au ni kupigwa tu, so naandika hapa mara moja. Jibu fupi, inafaa. Ila hela yako hailipii boti wala darubini, inalipia masikio ya yule dada anayewaongoza, maana bila yeye hata uwe na darubini ya milioni mbili utarudi nyumbani umeona yangeyange na kunguru basi. Kampuni siitaji jina, kuna sehemu nitawasema na Mwanza yenyewe ndogo hii tutakutana tu.

Sisi wakazi walitutoza elfu tisini kwa kichwa, humo kuna boti, chai, muongozaji na darubini ya kuazima. Kiingilio cha hifadhi ya kisiwa cha Saanane ni juu yako na kule hawapokei keshi mkononi, hakikisha simu ina salio kabla hujafika getini usije ukaanza kupigia ndugu simu alfajiri.

Sasa nianze na kilichoniudhi. Tangazo lao la wasap lilikuwa na picha ya kigong'ota (yule ndege anayegonga miti kutafuta wadudu) mmoja hatari sana, mwili mweusi, kishungi chekundu kimesimama wima, kang'ang'ania shina la mti wa msituni, chini wameandika njoo umuone laivu Mwanza. Mimi hawa ndege nawafuatilia kidogo, nikajua palepale huyo ni Pileated, ndege wa Marekani na Kanada, mkubwa anakaribia saizi ya kunguru, Afrika hajawahi kutia mguu. Nikawaandikia, kijana wao akanijibu "boss hiyo ni picha ya mfano tu". Mfano wa nini sasa, ni kama mtu wa soko la samaki la Mwaloni akuuzie sato kwa picha ya samoni wa Norwei. Na kinachouma ni kwamba vigong'ota tunao wetu, nchi ina aina za ndege zaidi ya 1,100 humu ndani, kuna Cardinal yule mdogo yupo karibu kila mahali penye miti, kuna Nubian, kuna wa Mombasa kule Pwani, kuna Stierling anayekaa miombo ya kusini, wote hao hawakupata nafasi kwenye tangazo la Mwanza.

Haya, siku yenyewe. Tulikutana Capri Point saa kumi na mbili asubuhi bado giza giza, mzee wa boti akatusalimia kwa Kisukuma, mwangaluka, wengine wakaitikia wengine wakatoa macho. Tulikuwa mimi, vijana wawili wa chuo, jamaa mmoja katoka Dar, na mzee wa Kiholanzi na mkewe. Huyu mzee ni wale watu wanaozunguka dunia wakiandika kila aina ya ndege waliyoiona, ana orodha ya maelfu kwenye simu. Nikamuuliza Mwanza kafuata nini, akasema Fischer tu, mengine yatakuwa nyongeza.

Fischer ni wale kasuku wadogo wa kijani, kichwa rangi ya chungwa, mdomo mwekundu, jicho lina duara jeupe. Nawaona kila siku wakigombana juu ya mti nje ya ofisi yetu na sijawahi hata kuinua shingo. Kumbe asili yao ni ukanda huu huu wetu, kusini na kusini mashariki mwa Ziwa Victoria, na miaka ya 1980 walikamatwa kwa wingi sana wakauzwa nje kama ndege wa kufuga, mpaka leo wapo kwenye kundi la wanaokaribia kuwa hatarini. Ndio maana ukienda Ulaya unawakuta kwenye vitundu madukani, na mzee alikuwa amewaona hivyo tangu utotoni. Bado tunakunywa chai kundi likapita juu linapiga kelele, likatua kwenye jiwe kubwa karibu na maji. Mzee akaacha kikombe juu ya boneti, chapati ikabaki mkononi, akawaangalia mpaka chai ikapoa, mkewe anamvuta koti twende boti inasubiri wala hasikii. Boti yenyewe haikuwa inasubiri, mafuta yalikuwa bado hayajaja, tumekaa pale zaidi ya nusu saa. Hilo nalo waandike, asubuhi ndiyo muda wa ndege, nusu saa ya alfajiri ni hasara.

Kuhusu darubini za kuazima, usizitegemee. Niliyopewa mimi ilikuwa na ukungu ndani ya lenzi, jicho la kulia linaona vizuri jicho la kushoto linaona maziwa. Ya kijana wa chuo ilikuwa kale kadogo ka mfukoni, kioo cha mbele kina milimita 25, mwanga wa alfajiri hauingii wa kutosha. Kama unataka kununua yako, tafuta iliyoandikwa 8x42, yaani inavuta mara 8 na kioo cha mbele kina upana wa milimita 42. Usidanganywe na wauzaji kwamba kubwa ndiyo bora, ukichukua ya mara 12 ukiwa kwenye boti kila wimbi na kila pumzi yako inakuzwa mara 12, ndege anaruka ruka tu humo ndani. Dada muongozaji alikuwa na yake 8x42 akawa anatuzungushia mmoja mmoja, bila hivyo ningedai hela yangu.

Sehemu ya ziwani nitaipitia haraka kwa sababu hiyo hata bila muongozaji utaifaidi. Mawe yamechafuka meupe kwa kinyesi cha minandi, wamejaa juu yake wametandaza mabawa wanakausha. Mdiria wale weusi kwa weupe wanaganda hewani sehemu moja wanapiga mabawa halafu wanajitupa kichwa chini kufuata dagaa. Fundichuma tulimwona na kiota chake, lundo la vijiti ambalo mtu mzima anaweza kukaa juu yake, na ndege mwenyewe hata kuku anamzidi uzito. Saanane ni kahifadhi kadogo, kilometa za mraba 2 na kidogo tu ukihesabu na maji, ilianza kama bustani ya wanyama mwaka 1964 na ikawa hifadhi ya taifa 2013. Pimbi wamejaa kwenye mawe, na pale juu furukombe, yule tai mla samaki, alilia mara mbili, kila mtu akatoa simu. Kuna ndege mmoja mweusi mgongoni, tumboni mwekundu wa kuwaka, anajificha kwenye kichaka dume na jike wanaitana kwa kupokezana haraka mpaka unadhani ni ndege mmoja anaimba, dada akasema Waingereza wanamwita Black-headed Gonolek na hapa kando ya ziwa ni kwao. Kwangu huyo ndiye aliyebeba kisiwa chote.

Njiani kurudi mzee wa Kiholanzi akaanza stori za vigong'ota. Kwao kuna mmoja wa kijani anashuka kwenye nyasi kula sisimizi, na mmoja mweusi mkubwa wa msituni. Afrika Kusini kamkuta asiyehangaika na miti kabisa, anatembea kwenye mawe na anachimba kiota kwenye ukingo wa udongo. Australia na Madagaska hakuna hata mmoja, hawajawahi kufika. Halafu akaja kwa yule wa Marekani anaitwa Ivory-billed, mara ya mwisho kuonwa na kila mtu akakubali ilikuwa 1944 Louisiana, tangu hapo watu wanaingia kwenye vinamasi na kamera wanasema wamemwona, wengine wanasema hapana. Mwaka 2021 serikali yao ikapendekeza atangazwe kuwa ametoweka, 2023 ikatangaza wengine wakamwacha yeye pembeni. Mzee wa boti alikuwa kimya muda wote huo, akauliza "sasa mama, huyo ndege kama hayupo wanamtafuta wa nini?" Mke wa mzee alipotafsiriwa alicheka hadi akashika ukingo wa boti, akasema hilo swali amemuuliza mumewe miaka yote.

Baada ya boti wakatupakia kwenye Noah kuelekea upande wa Igombe, kwenye mashamba yenye miembe na migunga katikati ya mawe. Hapa ndipo hela yangu ilipofanya kazi. Tunatembea kwenye njia ya ng'ombe, jamaa wa Dar anaongea na simu, dada akanyanyua mkono. "Kaka, samahani, simu kwanza." Kimya. Mimi sikusikia kitu zaidi ya jogoo na pikipiki mbali huko. Akanyoosha kidole kwenye mgunga uliokauka upande mmoja, hata hajainua darubini, akasema yupo nyuma ya lile tawi la pili, subirini atazunguka.

Akazunguka kweli. Kadogo, kama sentimita 15 hivi, Cardinal dume. Utosi mwekundu, paji kahawia, kifua cheupe chenye michirizi, mgongo una madoa. Anapanda kwa kuruka ruka, mkia kauegemeza kwenye tawi, vidole viwili mbele viwili nyuma. Anagonga kidogo, anaweka kichwa upande, anagonga tena, sio ile ngoma ya kwenye katuni, ni tk tk tk ya chini kabisa. Vipande vya gome vikaanza kudondoka juu ya majani makavu na hivyo vya kudondoka ndivyo dada alikuwa amevisikia, sio kugonga. Akapata tundu, akaingiza mdomo, ulimi ukatoka na funza mweupe, akameza. Ule ulimi mifupa yake inazunguka nyuma ya fuvu mpaka juu ya kichwa, ndiyo maana unafika mbali hivyo. Kwenye tawi la jirani kukawa na jike, kila kitu sawa ila utosi hauna wekundu. Tulikaa nao mpaka shingo zikauma, hawana habari na sisi.

Kijana wa chuo akauliza mbona kichwa hakimuumi. Nikajua sasa tutapewa ile hadithi ya fuvu lenye sponji ya kupunguza mshtuko, hata mimi niliisoma hivyo. Dada akasema hapana, 2022 watafiti wakiongozwa na Mbelgiji Sam Van Wassenbergh waliwapiga video ya kasi kubwa wakaona kichwa chote kinapiga kama nyundo ngumu, hakuna sponji, maana kingekuwa kinapunguza mshtuko angekuwa anapoteza nguvu zake bure. Kinachomsaidia ni ubongo wenyewe kuwa mdogo, kishindo kile hakifiki kiwango cha kuudhuru. Muongozaji wa Mwanza ananipa utafiti wa juzi juzi shambani, mimi nikanyoosha mikono.

Kuna kitu kingine kilinifanya nimheshimu. Mbele kidogo tukasikia sauti kali, wiit wiit wiit inaongeza kasi, halafu nyingine inajibu. Akasema hao ni Nubian wawili wanaitana, tukawatafuta wee hatukuwaona. Mwingine angesema "walikuwa pale mmechelewa", yeye akasema nimewasikia, sijawaona, kila mtu aandike anavyoona. Jamaa wa Dar akatoa spika ya bluetooth awapigie sauti yao waje, dada akamzuia, akasema dume akisikia hivyo anajua kaingiliwa eneo lake, anaacha kiota na chakula anaanza kumtafuta adui asiyekuwepo, na kundi la kesho likifanya hivyo hivyo atahama. Jamaa alinuna mpaka kwenye soda.

Kwa hiyo nikiwapa nyota ni nne kwa dada na mbili kwa ofisi. Ukiwapigia ulizia kwanza kama muongozaji ni yeye, kama sio yeye ahirisha. Waombe muanzie shambani asubuhi ndiyo mje kwenye boti, maana minandi na furukombe wapo mchana kutwa lakini vigong'ota na wenzao jua likishapanda wanatulia. Pakua programu ya kutambua ndege inaitwa Merlin, ya chuo kikuu cha Cornell, ukiwa na waifai, haina malipo na ukishaweka kifurushi cha Tanzania inafanya kazi hata pasipo mtandao. Nguo za kijani au kahawia, yule jamaa wa Dar alikuja na jezi nyekundu. Watoto chini ya miaka kumi hapana, watachoka, na Jumapili Saanane kuna watu wa selfi na maspika ya muziki so nenda katikati ya wiki.

Ukiweza kwenda kati ya Novemba na Machi utakuta na wale wanaokimbia baridi ya Ulaya, vigwaru na wengine wanapita juu ya ziwa makundi kwa makundi, ila hiyo pia ni miezi ya mvua na boti yao haina paa, beba koti na mfuko wa nailoni wa simu.