Wapolandi wa London: kushikana na wenzako au kujichanganya?

Poland ilipoingia Umoja wa Ulaya Mei 2004, Uingereza iliwafungulia milango ya ajira papo hapo.

Wengi walianzia kwa wenzao. Kule Hammersmith, magharibi mwa London, dirisha la duka moja mtaa wa King Street lilijaa vikaratasi vya kazi na vyumba, wenyewe wakaliita Ukuta wa Maombolezo. Asiyejua Kiingereza alisoma Kipolandi chake pale, akapata kitanda na kazi ya mjengo. Ubaya wake ni kwamba anayekupa kazi anajua fika huna pa kwenda. Kupunjwa na wa kwenu kunauma zaidi, muulize mhamiaji yeyote.

Kujichanganya huchukua muda. Mara nyingi mtoto ndiye anayefungua njia: mnasubiri getini mwa shule, mnasalimiana na mzazi Msomali au Mwingereza, baadaye unasikia kuna nafasi inayolingana na cheti chako, ulichokifungia kabatini ukipiga deki hotelini.

Mimi ningeanza na dirisha, nisilizoee. Ila karatasi za ukaazi zilipodaiwa baada ya Brexit, yaani Uingereza kujitoa Umoja wa Ulaya, mwisho wa kuomba ukiwa Juni 30, 2021, kuelezwa fomu kwa lugha ya mama kulikuwa na thamani yake.